Nani Kajua Kwanza Kwamba Umeme Umekatika

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo tena! Saa nane mchana, jua la utosi, hakuna taa hata moja iliyowashwa, redio imezimwa. Baba mkwe wangu yuko sebuleni anasoma gazeti la juzi. Anakwenda jikoni kunywa maji, anarudi, anaketi, anakunja gazeti. Kisha anatangaza, taratibu, kama mtu anayetaja saa, kwamba umeme umekatika. Nikajaribu swichi ya ukutani. Kweli.

Yeye mwenyewe hagusi swichi. Anasema fundi wa umeme hapapasi ukuta kama mwizi.

Niandike yote, maana daftari halina ulimi. Nakaa kwa baba mkwe wangu mwaka wa tatu sasa. Mimi na mke wangu tulikuja kwa muda tu, paa letu lilipovuja. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini mimi katika nyumba hii sijapewa hata kijiko. Kazi yangu ni kuchora mabango. Tangu waje wenye mashine za kuchapa, wateja waliobaki ni wale wanaonionea huruma.

Jembe analo Mzee. Amepanda nguzo za umeme miaka thelathini, na nyumba hii aliifunga waya kwa mikono yake mwenyewe. Sasa kazi yake ni moja. Umeme ukikatika anatangaza, anakwenda jikoni, anachomoa friza. Maana umeme wa huku hurudi kwa kishindo, na mke wangu anauza barafu. Friza ikiungua, hatuna biashara. Ya kwanza iliungua Mzee alipokwenda msibani. Aliyeachwa zamu ni mimi. Sisemi zaidi.

Ninachotaka ni kidogo sana. Nimtangulie. Mara moja tu! Niseme mimi kwanza "umekatika," naye ainue macho, anione.

Nilimwomba anifundishe anavyojua. Nilimwomba mara mbili, nimesimama nyuma ya kiti chake. Hakujibu hata kwa kukohoa. Nikamwambia mke wangu jikoni kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Hakucheka. Akaendelea kufunga barafu.

Jambo jingine: Mzee anakunywa maji mno. Leo nimemhesabia safari kumi na nne. Jagi liko juu ya friza, na kila baada ya dakika chache yuko pale.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimempata mtu wangu! Fundi Simu, yule mama wa kibanda cha kona mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Ameniuzia kidude kidogo kuliko kiberiti. Kinachomekwa ukutani, kinaunganishwa na intaneti ya nyumbani, na umeme ukikatika kinatuma ujumbe kwenye simu. Nikakiita Kachero.

Nimemficha nyuma ya televisheni. Mke wangu akauliza nafanya nini nimelala kifudifudi chini ya meza. Nikasema natafuta kifungo. Akasema shati langu halina vifungo.

Nasubiri. Sijawahi kuutamani umeme ukatike namna hii.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Umekatika saa nne asubuhi. Najua, kwa sababu Mzee alitangaza. Kachero hakusema lolote.

Nikamkimbilia Fundi Simu. Alicheka mpaka miwani ya kichwani ikamwangukia puani, vioo vikawa vinne. Kumbe Kachero anakula umeme uleule anaoulinda. Ukikata roho, naye anakata. Fundi akasema nimeajiri mlinzi anayelala kitanda kimoja na mwizi. Nikamwambia angesema jana. Akasema jana sikuuliza.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nimempa Kachero betri yake mwenyewe, niliyoitoa kwenye tochi ya mke wangu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku ya aibu.

Umeme ulikatika saa saba. Mzee akatangaza, akachomoa friza. Simu yangu kimya. Nikaitikisa, kimya. Ukarudi saa nane na nusu, Mzee akasubiri utulie, akarudisha friza. Ndipo simu ikaanza kulia kama kichaa. UMEME UMEKATIKA! Nikaruka. UMEME UMEKATIKA! Nikakimbia jikoni nikichomoa kila nilichokikuta, friza, pasi, hata waya wa redio. Jumbe kumi na saba mfululizo! Mke wangu alikuwa anapiga pasi. Alinitazama kwa muda mrefu, pasi baridi mkononi.

Fundi Simu ameeleza. Kachero alikuwa macho, amejaa chaji, anapiga mbiu. Lakini ruta ya intaneti ilikuwa imezimika. Alipiga kelele ndani ya chumba kilichofungwa, na mlango ulipofunguliwa zote zikatoka kwa mkupuo.

Halafu akaniambia kitu cha akili sana. Akasema tugeuze kazi. Kachero asitume habari ya kukatika. Atume "nipo" kila nusu dakika, na mtambo wa huko mbali usikilize. Siku asiposema "nipo," mtambo unaipigia simu yangu, kwa mtandao wa simu, usiohitaji umeme wa nyumbani. Ukimya ndio habari yenyewe.

Kimya kingi kina mshindo mkuu! Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Tochi bado haijaulizwa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimemtangulia Mzee. Naandika kwa mkono mzito.

Mke wangu alikuwa amekwenda kwa wateja. Mzee kwenye kiti chake, gazeti mkononi. Simu yangu nilikuwa nimeiweka kwenye meza ndogo pembeni yake, king'ora kimewekwa hadi mwisho, na mimi nimejibanza mlangoni nikitaka kuona sura yake. Saa tisa kasoro robo, king'ora kikalia. Mbwa wa jirani akabweka. Mimi mwenyewe niliyekuwa nakisubiri nilishtuka.

Mzee akafungua ukurasa wa pili.

Simu ilikuwa inalia umbali wa kiganja kutoka sikioni mwake. Akasoma. Akalamba kidole, akafungua ukurasa wa tatu. Halafu akainuka kwenda kunywa maji, na mimi nikaichukua simu, nikamfuata mpaka mlango wa jikoni. Hakugusa jagi. Aliweka kiganja ubavuni mwa friza, chini kidogo, pale mota inapotetemeka, akasimama hivyo ameinamisha kichwa. Akangoja, kwa sababu mota nayo hupumzika yenyewe. Akangoja sana. Kisha akasema kwa sauti, akiielekea sebule tupu, kwamba umeme umekatika.

Safari kumi na nne kwa siku. Wala si kiu.

Akageuka, akaniona. Mimi na simu yangu inayolia mkononi. Aliitazama simu. Aliona kioo kinawaka na kuzima, akanitazama mdomo, na mimi nikaona kwamba anausoma mdomo wangu kama alivyokuwa anasoma gazeti.

Nikaizima. Nikasema polepole, "Ndiyo, Baba. Umenitangulia tena."

Akaitikia kwa kichwa, akachomoa friza.

Jumatatu niliandika methali ya sikio. Nimeikata kwa wino. Bado inasomeka.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mke wangu alijua. Mwaka mzima alijua! Amenieleza leo tukifua, mgongo wake umenielekea.

Umeme ukikatika naye yuko karibu, yeye ndiye anayechomoa friza kwanza. Kisha anasikiliza miguu ya babake. Akimsikia anakuja, anarudisha waya haraka, ili babake achomoe. Nikauliza umeme ukirudi katika sekunde hizo je, friza iungue? Akasema ndiyo, iungue, friza zipo madukani. Akakamua shuka mpaka likalia.

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akasema kwa sababu mimi nikiambiwa jambo naunda mashine.

Kuna baya zaidi. Kaka yake mkubwa anakuja Jumamosi. Shemeji ni mtu wa benki, anakaa mji mwingine, ghorofa ya nne. Amekuwa akimpigia Mzee simu na Mzee anajibu asichoulizwa. Akiulizwa habari za afya anasema bei ya barafu. Shemeji ana wasiwasi, na mtu wa benki akiwa na wasiwasi huchukua hatua. Amesema akiona Mzee hasikii, anaondoka naye Jumapili.

Mke wangu alilia hapo, bila sauti. Alikwenda kwa kakake mwaka juzi, anaijua ile nyumba. Watu wote wanatoka saa kumi na mbili asubuhi. Mzee atakaa dirishani ghorofa ya nne akitazama mapaa, hana waya aliofunga yeye, hana friza ya kulinda, hana wa kumtangazia. Alisema babake hatafikisha mwaka.

Nimemshika mkono, wenye povu na yote. Nampenda Mzee. Sikuwa najua kwamba nampenda, nilidhani nashindana naye.

Nina mpango.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mpango ni mto wa kiti.

Ni rahisi mno. Mzee hasikii, lakini anahisi mtetemo. Kwa hiyo mtambo usiipigie simu yangu. Uipigie simu nyingine, kuukuu, iliyowekwa kwenye mtetemo, iliyoshonwa ndani ya mto anaokalia Mzee. Umeme unakatika, Kachero ananyamaza, mto unatetemeka, Mzee anatangaza palepale, kabla hata ya kwenda jikoni. Shemeji anashika mdomo. Tumeshinda.

Fundi Simu amenipa simu iliyopasuka kioo. Akauliza kwa nini nisiongee tu na Mzee. Watu wengine hawaelewi ufundi.

Nimeushona mto mwenyewe. Nimemwambia Mzee, uso kwa uso na kwa midomo mipana, kwamba ni mto wa mgongo. Akaukalia, akajisogeza kulia, akajisogeza kushoto, akasema ahsante mwanangu. Mwanangu! Miaka mitatu amekuwa akiniita "wewe" au "mumewe."

Jumanne, tarehe 11 Machi

Umeme hauna adabu. Siku unayouhitaji ukatike, haukatiki. Nimekwenda nyuma ya nyumba kushusha swichi kuu mwenyewe.

Mto ukatetemeka. Mzee akaruka, akauinua, akachungulia chini ya kiti, akamwambia mke wangu kuna panya.

Ndipo nikagundua kasoro ndogo katika mpango. Sikumwambia Mzee mtetemo una maana gani. Na siwezi kumwambia, maana nikimwambia nitakuwa nimemwambia kwamba najua hasikii, na yeye hajasema hasikii. Mtu mzima havuliwi nguo na mkwewe.

Basi nimfundishe bila kusema. Swichi chini, mto unatetemeka, anaona umeme hakuna. Mara nyingi, mpaka kichwa kiunganishe. Leo nimeshusha swichi mara sita. Mara ya tano Mzee hakuruka tena. Mara ya sita aliukalia ule mtetemo, akatazama dari, akasema, "Umekatika."

Nilitaka kumkumbatia! Nikajifanya natafuta kifungo.

Mke wangu amesema barafu zimeyeyuka upande mmoja, na kwamba ajabu yake nyumba ya jirani redio ilikuwa inaimba siku nzima. Nikamwambia mambo ya laini tofauti.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Kampuni ya simu imenivamia.

Simu ya ndani ya mto ina laini, na laini ina matangazo. Saa tatu asubuhi, ofa ya bando. Mto ukatetemeka. Mzee akatangaza umekatika, akaenda kuchomoa friza. Saa nne, jishindie pikipiki. Umekatika. Saa nne na robo, pikipiki bado haijapata mshindi. Umekatika. Saa tano, mpenzi mteja umebakiza siku mbili. Mke wangu anafuata nyuma ya babake akirudisha waya, babake anapita tena akiuchomoa, kama watu wanaocheza ngoma mbili tofauti. Na mimi sebuleni nimelala juu ya mto nikijaribu kuzima simu kupitia kitambaa.

Kufikia adhuhuri Mzee alikuwa ametangaza mara tisa. Mara ya tisa hakuwa na hakika. Alisimama jikoni, kiganja juu ya friza inayotetemeka vizuri kabisa, akatazama kiganja chake. Akarudi, akaketi mbali na kile kiti. Hakusoma gazeti.

Nilimfanya Mzee asikiamini kiganja chake. Hilo halina utani wowote, na nimekwenda nyuma ya nyumba nikakaa huko na makopo yangu ya rangi.

Fundi Simu amefunga matangazo yote jioni. Amesema ingetosha kuuliza. Nimechoka na huyu mama.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimejaribu swichi mara mbili tu. Mto safi. Mzee amerudi kwenye kiti, ametangaza mara mbili, mara zote sawa. Chaji imejaa. Mke wangu amefua mapazia. Hatusemi, lakini wote wawili tunatazama saa.

Kesho.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Shemeji amefika saa nne, viatu vinang'aa. Akamkumbatia babake, akatazama huku na huku, akasema safari imemvunja mgongo. Kisha akaketi kwenye kiti cha Mzee. Juu ya mto! Akajisogeza kulia, akajisogeza kushoto, akausifu.

Nikamwambia kile kiti kina kunguni. Akasema yeye haumwi na kunguni. Nikaleta kiti kingine, nikaleta na kingine. Mke wangu akanikanyaga. Mzee akavuta kigoda, akakaa mkabala na mwanawe, magoti yakikaribiana, macho kwenye midomo yake. Na kwa nusu saa ilikwenda vizuri. Shemeji aliuliza, Mzee alijibu, na majibu yalilingana na maswali. Nikaanza kupumua.

Ndipo Shemeji akainuka na kikombe chake cha chai, akaenda dirishani, akageukia nje. Alifanya makusudi, nilimwona bega lilivyokaza. Akasema akiwa ametupa kisogo, "Baba, unanisikia?"

Mzee aliendelea kutabasamu kuelekea mgongo wake.

"Baba."

Mke wangu alikuwa ameshika sinia kifuani. Nilikohoa. Nilitikisa meza. Shemeji akageuka, na uso wake haukuwa wa mtu wa benki, ulikuwa wa mtoto aliyepotezana na mzazi wake sokoni. Akarudi akaketi, mzito. Akafungua mdomo kusema lile alilokuja kulisema.

Hapohapo umeme ukakatika. Kweli, wenyewe! Mto ukafanya kazi yake kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe, chini ya mtu asiyehusika. Shemeji aliruka kama aliyekalia siafu. Chai ikaenda juu, ikarudi ikamkuta amesimama, ikatua kwenye suruali.

Mzee akamtazama mwanawe aliyelowa. Akatazama mto. Akasema, bila haraka, "Umekatika." Halafu akanigeukia mimi. "Kachomoe friza, mwanangu."

Mimi! Nilitakiwa kwenda. Lakini Shemeji alikuwa amekwisha kuingiza mkono kwenye mshono wa mto, na akatoa simu ya kioo kilichopasuka, bado inatetemeka. Akauliza ni nini hii. Nikaanza kueleza kuhusu mgongo na mzunguko wa damu. Mzee akainua mkono, nikanyamaza.

Alisema, "Hiyo ni yangu. Mimi sisikii, mwanangu. Huu mwaka wa pili."

Mke wangu akaliweka sinia chini.

"Mdogo wako anajua. Akisikia nakuja anarudisha waya wa friza ili niuchomoe mimi, anadhani sioni unavyocheza pale ukutani. Mumewe anajua, ameshona simu kwenye mto, siku ile ameniangushia umeme mara sita. Wamehangaika, hakuna aliyenicheka. Humu ndani kuna watu wananisikilizia." Akamshika Shemeji kiganja. "Kule kwako ghorofani, mchana kutwa, nani atanisikilizia?"

Shemeji alibaki amesimama, suruali inadondosha chai. Akapiga goti. Nilidhani anaokota kikombe, lakini kikombe hakukigusa. Aliweka kichwa kwenye goti la babake, na Mzee akampapasa nywele kama mtoto. Mke wangu alikuwa analia kwa sauti safari hii, na mimi pia, niandike ukweli.

Shemeji ataondoka kesho peke yake. Mwezi ujao atampeleka Mzee kwa daktari wa masikio. Alisema "kumpeleka na kumrudisha," akarudia "kumrudisha" mara mbili akimtazama dada yake.

Friza niliikumbuka baada ya robo saa. Nilikuta imechomolewa. Mke wangu.

Jioni Mzee akanifuata barazani. Akaniambia Jumanne alikuta alama za vidole za rangi yangu ya buluu kwenye swichi kuu, akazifuta kwa mafuta ya taa kabla mke wangu hajaziona. Alijua tangu siku ya kwanza! Ile mara ya sita alitangaza kwa sababu, alivyosema, alinionea huruma.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Shemeji ameondoka asubuhi. Mzee ameniita, tumekaa mkabala. Akasema mto ni mzuri lakini niuache uwe mto. Anachoomba ni hiki: umeme ukikatika, aliye karibu amguse bega. Basi. Yeye atajua, atatangaza, atachomoa. Hakuna waya, hakuna chaji, hakuna pikipiki ya kushinda. Mke wangu akasema hilo ni jambo la busara kuliko yote yaliyosemwa nyumbani humu mwaka huu. Nikakubali kwa mikono miwili. Nilimaanisha kabisa! Kugusa bega, nani atashindwa? Nikaona jinsi nilivyozunguka mlima mzima kutafuta kitu kilichokuwa mlangoni.

Ila saa nane nikawa nawaza. Itakuwaje mke wangu yuko kwa wateja na mimi niko kwa mteja? Siku hiyo nani anagusa bega?

Kofia!

Mzee havui kofia yake mchana kutwa. Ndani ya ukingo kuna nafasi nzuri. Mota ndogo ya simu, betri bapa, mtetemo laini juu ya sikio, hakuna wa kuikalia. Nimemtoa Kachero ukutani nikamfungua, vipande vyake viko hapa barazani kwenye kifuniko cha kopo la rangi, na nimechora michoro minne, wa nne ukiwa bora sana. Nimezama humo muda mrefu. Sijui ni saa ngapi.

Mkono umenigusa bega. Nimeruka nikamwaga skrubu zote.

Ni Mzee. Ameniambia umeme umekatika, tangu kitambo, na friza amekwisha kuichomoa. Hakuniuliza michoro ni ya nini. Ameketi kando yangu kwenye benchi, mkono bado uko begani pangu, na wala hana haraka ya kuutoa.

Nimemshukuru. Kisha nimekipima kichwa chake kwa macho, asione. Inchi ishirini na mbili na nusu, kwa kukadiria.